Foku Iliyoishiwa na Upepo Njiani Kwenda Siyu

Tangu nirudi, kila anayepita dukani kwangu Langoni huangalia kwanza plasta ya mkono wangu, kisha uso wangu, kisha huuliza: "Lali, kwani kulitendeka nini?" Wengine wameshaziona picha za Athman na jibu wanalo tayari, wanachotaka ni mimi nilitilie muhuri. Nimechoka kusimulia kwa vipande, huyu nikampa kichwa, yule nikampa mkia. Nimekaa nimeandika yote. Mkishasoma, tafadhali tuzungumze habari nyingine.

Kwa asiyetujua, mimi ni fundi wa baiskeli hapa Amu, mji wa Lamu, na Athman wa Shela ni rafiki yangu tangu chuoni, tulikohitimu msahafu juu ya mkeka mmoja. Kazi yake ni kuongoza wageni. Baiskeli zetu ni zile za milimani, za tairi nene zenye meno, tulizoachiwa na wageni waliokuwa wakirudi kwao. Yangu ni nzito. Foku yake ya mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu na kubonyea ukigonga jiwe, ina springi ya chuma ndani. Ya Athman ni nyepesi na nzuri kuliko yangu, ila foku yake haina springi. Inabebwa na upepo ulioshindiliwa ndani kwa pampu yake maalumu, nyembamba kama filimbi, yenye saa ya kupimia. Pampu ya tairi haiiwezi kazi hiyo.

Athman alipata habari ya kundi la wageni waliotaka kuendesha baiskeli kutoka Shela, wazunguke bara, wavuke hadi Pate na wamalizie Kizingitini. Wakala wao alitaka ushahidi kwamba njia hiyo hupitika, na picha juu yake. "Twende sisi kwanda," akaniambia. "Wee fundi, mimi kiongozi. Wakiya wageni, kazi ni yetu sote wawili." Mimi siku nyingi ninaziba matundu ya tairi za mikokoteni. Mlango kama huo ukifunguka mtu haulizi mara mbili. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Shela hadi Kipungani

Siku moja kabla ya kuondoka nilizifungua foku zote mbili. Nilimwaga mafuta machafu, nikasafisha ndani, nikatia mapya na kubadilisha sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta na upepo visitoke na mchanga usiingie. Pete moja ya foku ya Athman sikuwa na mpya yake. Niliigeuza, nikaitazama, nikairudisha ile ile ya zamani. Hilo ni langu na simtupii mtu. Nilijiambia tutakuwa na pampu, ikivuja tutaongeza.

Tulitoka Shela maji yakiwa yametoka, mchanga mgumu kama sakafu, upepo mgongoni. Sitadanganya, saa ile ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Upande mmoja matuta ya mchanga, upande mwingine bahari, na hakuna mtu wa kukuuliza unakwenda wapi.

Kisha Athman akaanza kupiga picha. Alitaka ionekane baiskeli inapasua mawimbi. Akanipa simu nimshikie, akaingia majini hadi maji yakafika kwenye pedeli, akatoka, akarudi tena. Mara ya nne nikapiga kelele.

"Athman, chumvi! Foku hiyo yanywa chumvi!"

"Chumvi ya siku moya haili chuma, Lali. Piga tu."

Nikapiga. Picha zenyewe mmeziona.

Kipungani tulifika adhuhuri. Nilikwenda moja kwa moja kisimani kuomba maji baridi, yasiyo na chumvi, ya kuosha baiskeli. Bibi aliyekuwa akiteka alidhani nataka kutawadha. Akanijazia ndoo kwa ukarimu wote na kunielekeza msikiti ulipo. Nilipoimwaga ndoo ile juu ya mnyororo wa Athman, alisimama akashika kiuno.

"Mai yangu matamu waosha gurudumu?"

"Samahani, Bi. Ni chumvi, itaharibu..."

"Hapa twapanga foleni na ndoo tangu alfajiri, wee waja kuosha chuma! Nenda kaoshe na mai ya bahari."

Nilimwambia ndiko tulikotoka, na jibu hilo halikunisaidia. Ndoo ya pili sikuipata. Foku ya Athman ilibaki na chumvi yake. Nilifuta miguu yake kwa kitambaa nilivyoweza, lakini chumvi ikikauka juu ya pete ya mpira huwa kama msasa. Jioni bibi yule yule alitutumia samaki wa kupaka na mikate ya mofa, na salamu: "Kuleni, lakini mai hapana." Athman alicheka hadi akapaliwa. Mimi nilikula nikiona haya.

Matondoni, Mokowe na shamba la Mzee Famau

Kutoka Kipungani hadi Matondoni tulisukuma zaidi ya tulivyoendesha. Mchanga ule ni laini, gurudumu la mbele huzama na kugeuka litakako. Matondoni tukakaa muda wa saa nne tukimngoja mwenye mashua, aliyekuwa amekwenda kuzika. Hakuna aliyelalamika ila Athman. Kila baada ya dakika kumi alitazama simu na kusema wakala anataka picha za Kizingitini kabla ya Ijumaa, kuna watu wengine wameshaomba kazi ile ile. Ndiyo kwanza nasikia habari ya Ijumaa.

"Mbona hukunambia?"

"Nimekwambia sasa."

Mokowe tulivuka alasiri, na asubuhi yake tukashika njia ya Kililana. Njia ya mashamba ile ni tamu kwa baiskeli: udongo mgumu, mikorosho, vijilima vidogo vya kushuka ukajisikia umeota mbawa. Lakini watu wa huko wamechoka na wageni wenye vifaa. Tangu bandari mpya ije, kila aliyesimama shambani akiwa na kofia ngumu na chombo kinacholia aliacha kigingi cha kupimia ardhi nyuma yake. Sisi tulikuwa na kofia ngumu. Na Athman alikuwa amefunga kwenye usukani kidude cha kurekodi njia kinacholia kila baada ya kilomita.

Kikalia mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akifyeka. Akaingia katikati ya njia, panga mkononi, hakulinyanyua wala hakuliweka chini.

"Mumetumwa na nani?"

Athman, anayesema na kila mtu kama anasema na wageni, akamjibu, "Tulia mzee wangu, ni *trail* tu, twaangalia *trail*." Alimaanisha njia ya baiskeli.

"Treni?" Mzee akageuka upande wa nyumba. "Mama Halima! Wamekuya wa treni! Bandari haikuwatosha, sasa wataka kupitisha reli kwenye muhogo wangu!"

Watu wakatoka. Si wengi, watano au sita, lakini kila mmoja alikuwa na kitu mkononi. Athman akazidi kueleza, na kila neno lake likazidi kuharibu. Mimi nikafanya nilichojua. Chini ya mwembe niliona baiskeli kuukuu imeegeshwa, mnyororo unaning'inia. Nikaipindua magurudumu juu, nikatoa koleo, nikaanza kuunganisha. Mzee akaja akanisimamia. Nilipozungusha pedeli na gurudumu la nyuma likaimba, akaliweka panga chini.

"Mtu wa reli hayui kutengeneza baiskeli," akasema.

Huyo ndiye Mzee Famau. Alitukalisha, akatupa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Alituonyesha kigingi kilichopigwa miaka iliyopita katikati ya shamba lake, ambacho mpaka leo hakuna aliyekuja kumweleza ni cha nini. Analima kukizunguka. "Nikiking'oa nitaambiwa nimevunda sheria," akasema. "Nikikiwata, nalala nacho." Nilikula muhogo wake.

Ni pale, baiskeli zikiwa zimelala, nilipoona duara la mafuta kwenye mguu wa kushoto wa foku ya Athman. Nikaibonyeza. Ilishuka upesi, ikarudi polepole, na haikurudi yote.

"Inavuja," nikasema. "Si kitu. Tukifika Pate nitaongeza upepo."

Athman alikuwa akifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Nilidhani amechoka.

Mtangawanda hadi Pate

Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, mashua ilitushusha kwenye tope, maji yametoka. Tulibeba baiskeli mabegani, tope hadi magotini, na kiatu changu kimoja kilibaki huko baada ya kupigania sana. Nilipofika pakavu, mwanamume mmoja aliyekaa juu ya punda alitutazama, akatazama baiskeli tulizobeba, akauliza kwa utaratibu kabisa, "Sasa hapo nani anampanda mwenziwe?" Ilibidi tucheke.

Kutoka hapo hadi mji wa Pate si mbali, lakini foku ya Athman ilikuwa imekwisha kulala. Mbele ya baiskeli imeinama kama mtu anayetafuta sindano. Kila jiwe lilipiga chuma kwa chuma, ka, ka, na kila mlio niliusikia kwenye meno yangu.

Pate tulikaribishwa baraza moja, tukaletewa wali na mchuzi wa kamba. Kabla sijanawa nilifungua mfuko wa vifaa, nilioupanga mwenyewe na Athman kuubeba. Spana zipo. Pampu ya tairi ipo. Tyubu, gundi, mafuta, vitambaa. Nikaumwaga mfuko wote juu ya mkeka. Chini kabisa kulikuwa na fulana mbili nyeupe zilizopigwa pasi, na kijiguu cha kusimamishia kamera.

"Pampu ya foku iko wapi?"

Athman alikuwa ameshatia tonge kinywani. Alilitafuna hadi likaisha.

"Iko Shela."

"Shela wapi?"

"Kitandani. Mfuko haukufunga, Lali. Niliona pampu mbili, nikasema pampu mbili za nini?"

"Umeyua lini kuwa ndiyo iliyotakiwa?"

Nikakumbuka ile kamba ya kiatu.

"Uliyua Kililana. Nilipokwambia nitaongeza upepo, uliyua."

"Ningekwambia ungetaka kurudi."

"Ningetaka kurudi, ndiyo! Mokowe ilikuwa pale pale!"

Mwenyeji wetu alishusha macho kwenye sinia kwa adabu. Kwa ajili yake nilinawa. Nilikula wali ule, ambao nadhani ulikuwa mtamu.

Baada ya kula nilimwambia Athman kwamba kesho nitarudi Amu na chombo cha kwanza, na yeye afanye apendalo. Hapo alibadilika. Alinishika bega. Aliniambia mkewe ana mimba ya tatu, kwamba msimu uliopita alikaa miezi bila mgeni, kwamba kazi hii ikienda kwa wale wengine hataiona tena. Yote hayo ni kweli, mnamjua. Kisha akasema neno lililonimaliza.

"Wee ndiwe bingwa. Chukua yangu, mimi nichukue yako. Amu nzima ni nani awezae kuipanda foku mbovu kama wee?"

Nimelifikiria sana neno hilo tangu siku ile. Mtu akikutukana unajua pa kusimama. Akikusifu unainama mwenyewe.

Nikakubali.

Njia ya Siyu

Njia ya kutoka Pate hadi Siyu ni nyembamba, inapita mashambani na vichakani, na sehemu nyingine mawe ya tumbawe yametokeza kama meno ya papa. Foku ikiwa nzima, njia ile ni raha. Gurudumu linapanda, linashuka, mikono haijui. Foku ikiisha upepo ni habari nyingine. Uzito wote uko mbele, kila mteremko unataka kukumwaga juu ya usukani. Nilienda nikiwa nimesimama, makalio nyuma kabisa ya kiti, vidole viwili juu ya breki. Nilikwenda vizuri. Nasema haya bila majivuno, maana sina tena cha kujivunia.

Karibu nusu ya njia kuna mahali jiwe limekatika kama ngazi, kimo cha goti, chini yake mchanga. Mimi ningeshuka kwa miguu. Athman alikuwa ametangulia na baiskeli yangu, ameshaisimamisha kando na kupiga magoti, simu mkononi.

"Shuka na kasi!" akaita. "Ukipunguza haitoki vizuri!"

"Foku haina kitu, Athman!"

"Mara moya tu! Waone ndia hii yapitika!"

Nilikuwa na nafasi ya kufunga breki. Nataka mlijue hilo, kwa sababu wengi wenu mmekuwa mkimlaumu yeye peke yake mbele yangu, na mimi nimekuwa nikiwaacha. Nilikuwa na nafasi. Nikaachia breki.

Gurudumu la mbele liligusa mchanga, foku ikaenda chini na haikurudi. Baiskeli ilisimama, mimi sikusimama. Nilitanguliza mkono wa kulia. Nilisikia mlio kabla ya maumivu, mlio mdogo, mkavu, kama kijiti.

Nilipofungua macho Athman alikuwa anakuja mbio. Aliinama. Akainua baiskeli yake, akazungusha gurudumu, akaangalia rimu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Haina kitu."

Kisha akanitazama mimi.

Siyu

Tulitembea hadi Siyu, mimi nimeushika mkono kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, yeye akisukuma baiskeli zote mbili. Alisema samahani, nafikiri mara tatu.

Nyumba ya kwanza tuliyosimama ilikuwa ya Bwana Shee, mshona viatu vya ngozi. Alikuwa barazani, kisu mkononi, makubadhi yamemzunguka. Hakuuliza jina langu wala ninatoka wapi. Alitazama kiganja changu, kilichokuwa kimekaa pembeni mahali ambapo kiganja hakikai, akasema, "La haula," akaingia ndani akarudi na kipande cha ngozi nene, ile ya soli. Alikilowesha maji, akakikunja kuuzunguka mkono wangu, akakifunga kwa kamba zake za ngozi, polepole, akinisomea dua huku akifunga. Mkewe, Bi Maryam, alinishika kichwa nisitazame. Muuguzi wa zahanati alipokuja baadaye aliigusa kazi ile, akasema yeye hana ya kuongeza ila dawa za maumivu. "Lakini mfupa umekwenda upande," akanionya. "Usikae. Upelekwe Amu mapema uwezavyo."

Athman aliyasikia maneno hayo. Alikuwa pale pale, amesimama mlangoni.

"Nikitoka sasa nitafika Kizingitini kabla ya magharibi," akaniambia. "Nitapiga picha, nitafute mashua, kesho asubuhi mai yakiyaa nakuya kukutukua. Yako nitaenda nayo, yangu haiendi."

"Nenda," nikasema.

"Wallahi nakuya, Lali."

Asubuhi yake Bwana Shee alikuja na habari njema. Kulikuwa na chombo kinakwenda Amu maji yakijaa, na ameniombea nafasi ya kulala. Siyu huingii wala hutoki ila maji yajaapo kwenye mkondo wa mikoko, kwa hivyo ukikosa, umekosa.

"Rafiki yangu akuya," nikamwambia. "Ameapa."

Bwana Shee alinitazama kidogo. "Kama ameapa," akasema, na akaenda kuwaambia wasiningoje.

Nilikaa barazani siku ile yote nikitazama mkondo wa mikoko na njia ya Faza, itokayo Kizingitini. Bi Maryam aliniletea uji, akaniletea mkate wa sinia, akanilisha samaki kwa kumtoa miiba kana kwamba nina miaka mitatu. Kila punda aliyelia nilidhani ni kengele ya baiskeli. Nilipiga simu ya Athman nayo haikupatikana, nami nikamtungia udhuru: chaji, mtandao, mashua mbovu. Nilimtungia udhuru hadi vidole vya mkono ulioumia vikawa vinene na rangi ya zabibu.

Siku ya pili alasiri akaja mfanyabiashara kutoka Kizingitini kununua makubadhi. Aliponiona na kusikia habari ya baiskeli, uso wake ulichangamka.

"Kumbe mko wengi! Kuna mwenzenu yuko kwetu, kijana wa Shela. Twamkirimu tangu yuzi. Hebu tazama."

Akanipa simu. Athman ndani ya fulana nyeupe iliyopigwa pasi, amesimama gatini, baiskeli yangu ameinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Picha nyingine, Athman na sahani ya kamba-mawe. Na chini yake ameandika, mwanaume huyu niliyehitimu naye: *Shela hadi Kizingitini. Njia nzima nimeipita peke yangu.*

Niliisoma mara mbili. Kisha nikamrudishia mwenyewe simu yake na kumshukuru, kwa sababu hakuwa na kosa.

Bwana Shee aliendelea kukata ngozi. Akasema, bila kuniangalia, "Chombo kingine ni kesho asubuhi. Nimeshawaambia."

Amu

Chombo kilitoka na maji ya asubuhi, mimi nimelazwa kati ya magunia ya nazi. Bi Maryam alinifungia mahamri kwenye kitambaa na kuniwekea upande wa mkono mzima. Bwana Shee sikuweza kumfanya achukue hata asante. Alisema ngozi ile ilikuwa mabaki.

Daktari alipoikata ngozi ya Bwana Shee alitaka kujua nani aliyefunga vile, kwa sababu bila hiyo ingekuwa mbaya zaidi. Kisha akaniuliza kwa nini nimekaa siku tatu. Nilisema nilikuwa nikingoja mtu. Mfupa umerudishwa mahali pake, alhamdulillahi, lakini siku zile nilizongoja zimedai haki yao. Kiganja hakigeuki. Naweza kushika kikombe. Siwezi kushika spana nikaizungusha, na mtu akitaka kujua fundi asiyeweza kuzungusha spana ni nani, aje akae dukani kwangu asubuhi moja atazame.

Athman alikuja juma lililopita. Aliirudisha baiskeli yangu, ameiosha, na halwa mkononi. Alikaa kwenye kile kigoda cha wateja. Kwa muda alizungumza habari za wageni: kazi ameipata, watu kumi na wawili, wanakuja baada ya mwezi wa Ramadhani. Nilimwacha aseme.

"Ulisema utakuya kesho," nikamwambia alipomaliza.

"Mashua haikupatikana."

"Siku mbili?"

Akatazama sakafu. "Wakala alipiga simu. Alitaka picha zaidi. Nilisema moyoni, Lali yuko kwa watu wema, hatakosa kitu."

"Na ile ya peke yako?"

"Wageni wakisikia mtu amevundika mkono kwenye ndia ile, watakuya? Nifikirie, Lali. Ilikuwa kazi tu." Kisha, kwa sauti ya chini, akasema kilichomleta. "Lile jiwe. Siku ile nilikuwa nimeinama na simu, sikupaweka vizuri moyoni. Ni wapi hasa? Nataka niwashushe pale kwa miguu."

Nilikuwa na uwezo wa kusema sikumbuki. Mnajua nilivyotamani kusema hivyo. Lakini watu kumi na wawili hawakunikosea kitu, wala hawajui jina langu. Nilimwelekeza: ukuta wa shamba ulioanguka, minazi miwili iliyoshikana, hatua kama hamsini baada yake. Nikamwambia achunguze sili za baiskeli zao kabla hawajatoka, asiwaruhusu kuingia baharini nazo, na akiona foku yoyote imelala mbele amshushe mwenyewe atembee. Alikuwa akiandika kwenye simu, akitikisa kichwa kama mwanafunzi. Alipomaliza macho yake yalikuwa na maji.

"Na ufundi wa safari hiyo?" akauliza. "Hata ukikaa tu uelekeze, wafanye wengine..."

"Tafuta mwengine, Athman."

Akasimama. Alingoja nami nisimame, nikasimama, maana baba yangu hakunifundisha kumuaga mtu nikiwa nimekaa. Akanyoosha mkono wa kulia, kama tunavyopeana tangu tukiwa watoto. Wangu wa kulia ulikuwa kwenye plasta, vidole viko nje. Vinatosha kushika kikombe. Vingetosha kushika mkono wa mtu.

Nikampa wa kushoto.

Alielewa. Aliutazama pale ulipokuwa hewani kati yetu, kisha akaupokea.